Miezi Mitatu na Skuta Yangu

Akina mama wenzangu, kila Jumapili baada ya ibada wanawake wa kanisani kwetu huizunguka skuta yangu kama watu waliokuja kumtazama bibi harusi. Mmoja anauliza bei, mwingine anauliza kama mwenye sketi anaweza kuipanda bila kujifedhehesha, na hivi karibuni mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu alikubali. Nimeona afadhali niandike niwajibu wote kwa mara moja. Hilo swali la pembeni nalo nitalijibu, ingawa ndilo lenye jibu refu kuliko yote.

Sisi tunakaa Raskazone, mjini Tanga, katika nyumba ndogo ya uani nyuma ya jumba moja la zamani. Mume wangu ni karani. Tumejaliwa watoto watatu. Wa kwanza ni binti, yuko kidato cha pili, na kitinda mimba ni mvulana wa darasa la pili. Mimi napika vitumbua, maandazi na chapati usiku, na alfajiri nazipeleka kwenye migahawa mitatu ya chai huko Ngamiani na kibanda kimoja karibu na soko la Mgandini. Mgeni wa Tanga anaweza kudhani Raskazone na Ngamiani ni mlango na dirisha. Sivyo. Raskazone iko kwenye rasi, upande wa bahari, mahali penye majumba ya kale, hoteli na miti mikubwa. Wanywa chai ya alfajiri wako Ngamiani, ng'ambo ya reli, katika zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Kwa hiyo mimi nalala penye upepo mzuri, lakini riziki yangu iko mbali.

Kwa miaka 11 niliifuata riziki hiyo kwa baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, na kwetu mwanamke kuendesha baiskeli si kioja. Mama mtu mzima na baibui lake, muuguzi anayekwenda zamu Bombo, mwanafunzi, muuza mboga, wote wanakanyaga. Siidharau baiskeli yangu, maana ndiyo iliyowalipia watoto sare na madaftari. Lakini ndoo mbili zilizojaa na beseni juu ya keria si mzigo wa mchezo. Nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri na kurudi saa moja na nusu asubuhi, jasho tupu, miguu inatetemeka, na watoto wameshakwenda shule.

Kitinda mimba alianza darasa la kwanza, akaingia la pili, na mimi nilikuwa sijamwona hata siku moja akivaa sare yake. Baba yake ndiye aliyekuwa akimfunga kamba za viatu. Siku moja mwalimu aliwaambia wachore familia zao wakati wa asubuhi. Akachora baba, dada, kaka, na bakuli la uji likitoa moshi. Mimi sikuwamo. Nilipomuuliza alinijibu bila ubaya wowote, "Lakini mama, asubuhi wewe hupo."

Habari ya skuta ilianza siku hiyo.

Sasa niseme juu ya mume wangu. Mdogo wake alikufa kwa pikipiki mwaka 2013. Mnakumbuka jinsi bodaboda zilivyojaa katika miji yetu baada ya kanuni za mwaka 2010 kuruhusu pikipiki kubeba abiria wa kulipa. Vijana wengi walipata kazi, na shemeji yangu alikuwa mmoja wao. Aliendesha pikipiki ya tajiri, jioni moja, katika barabara ya Muheza, bila kofia ngumu. Mume wangu ndiye aliyeitwa kwenda kumtambua. Aliporudi alikaa kibarazani mpaka kukapambazuka, na tangu siku hiyo hakupanda tena pikipiki. Hata mvua inyeshe namna gani, atatembea kwa miguu.

Kwa hiyo nilipomwambia nataka kununua skuta hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba, maana ugomvi wa mume wangu naujua mwanzo wake na mwisho wake. Alinyamaza siku nne. Siku ya tano, tukiwa tunakula, akasema, "Fedha ni zako, na shida yako naiona. Nunua. Ila usiniombe niipande, wala usiniombe niisifu."

Dada yangu uliyenivuta pembeni, jibu lako ndilo hilo. Alikubali kama mtu anavyokubali kudungwa sindano.

Bei ilikuwa shilingi 2,850,000. Kati ya hizo, 1,500,000 nilikopa kwenye kikoba chetu, na 1,350,000 nilikuwa nimeziweka kidogo kidogo kwa muda wa miaka miwili. Nayasema wazi kwa sababu yuko mama atakayesoma akadhani nilipewa zawadi. Halafu kuna bima, usajili wa kupata ile namba inayoanza na MC, kofia ngumu, ada ya chuo cha udereva na leseni, mambo ambayo muuzaji hakutajii mpaka umekwisha kuhesabu noti juu ya meza yake. Ukipiga hesabu ya skuta, acha akiba ya hayo, la sivyo utakuwa na chombo kizuri kilichoegeshwa ukutani.

Yangu ni ya Kihindi, mpya, injini ya cc 110, rangi ya bluu. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alipoiona tu akasema, "Ahaa, umenunua Vespa!" Wazee wengi wa pwani huziita hivyo zote, iwe ya India, ya Japani au ya China, na Zanzibar ni vivyo hivyo. Yule mzee mwenyewe alikuwa na Vespa ujanani, akanieleza habari zake kwa furaha kama mtu anayesimulia uchumba wake. Nami baadaye nikasoma zaidi. Vespa ya kwanza ilitengenezwa Italia na kampuni ya Piaggio mwaka 1946, baada ya vita kuu. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, tena hakupenda pikipiki. Aliona zinachafua nguo, zina cheni inayorusha oili, na kuzipanda ni lazima urushe mguu. Akatengeneza chombo ambacho mtu anapita mbele ya kiti, anaketi kama aliyeketi kwenye stuli, miguu pamoja, na injini imefichwa ndani ya bati. Basi swali la sketi lilikwisha kujibiwa kabla mama yangu hajazaliwa.

Vespa kwa Kitaliani ni nyigu, kwa sababu ya mlio wake na kiuno chake chembamba. Mwalimu alicheka akasema Raskazone haijaanza leo kujua wadudu wenye miiba. Alikuwa anakumbuka vita vya Novemba 1914, askari wa Kihindi wa jeshi la Uingereza waliposhuka kwenye pwani yetu hii, wakarudishwa baharini na Wajerumani pamoja na askari wao Waafrika, na nyuki wa vichakani nao wakaingia vitani wakawauma watu wa pande zote mbili.

Lakini nirudi kwenye sketi, kwa sababu liko jambo la hatari. Sketi ndefu iliyo pana inafaa kabisa. Khanga haifai, mpaka uikalie vizuri na pembe zake uzibane chini ya mapaja. Khanga inayopepea nyuma ikishikwa na gurudumu itakuvuta chini kabla hujapiga kelele. Mimi siku hizi nafunga khanga yangu kwenye ndoo, nikifika ndipo najifunga.

Nilijifunzia udereva chuoni, mjini, lakini mazoezi yenyewe niliyafanya jioni kwenye barabara zetu za Raskazone ambazo hazina magari mengi. Mtu aliyezoea baiskeli ana faida moja kubwa: uzani wa mwili anao tayari, na breki zote mbili ziko mikononi, kama baiskeli. Hakuna klachi, hakuna kubadili gia kwa mguu. Unabana breki, unabonyeza kitufe cha stata, inawaka, unakaza mkono wa kulia polepole, inaondoka. Siku betri ikikataa kuna kiki ya kukanyaga. Nilidhani itanichukua mwezi. Ilinichukua siku tatu kuondoka na wiki mbili kujua kusimama.

Naam, kusimama ndiyo kazi. Baiskeli ikikuelemea unaishika kwa mkono mmoja na maisha yanaendelea. Hii ina uzito wa kilo zaidi ya mia moja, na ikianza kulala upande huwezi kuizuia, utaanguka nayo. Siku ya kwanza kuiweka kwenye stendi ya katikati nilivuta, nikasukuma, nikakaribia kulia, na kumbe si kazi ya nguvu. Unakanyaga stendi kwa mguu na uzito wako wote, mkono unaongoza tu. Binti yangu mwenye miaka 15 sasa anaiweka kwa mguu mmoja huku anatafuna andazi.

Jambo lililonishangaza zaidi ni magurudumu. Ni madogo. Gurudumu kubwa la baiskeli hupita juu ya shimo kama mtu anayeruka kidimbwi, lakini hili dogo linaingia ndani ya shimo lote, na mgongo wako unapata habari. Kwenye lami nzuri, kama ile inayopita Bombo kuelekea mjini, unaona kama umekaa nyumbani. Kwenye barabara za vumbi lazima usome njia kama unavyosoma mchele kabla ya kuosha. Mchanga ndio mbaya kupita vyote. Ukiona mchanga, usibane breki ya mbele, punguza mafuta mapema, acha ipite yenyewe.

Mzigo je? Hapo ndipo nilipompenda yule Mtaliani. Ndoo moja yenye mfuniko inakaa mbele, kwenye sakafu kati ya miguu, haitikisiki. Ya pili nafunga nyuma kwa mpira. Chini ya kiti pana nafasi ya pochi, koti la mvua na daftari la madeni. Wateja wangu wamesema vitumbua siku hizi vinafika vizima, havijabondeka. Kuhusu mafuta, nilifanya hesabu. Nilijaza tangi, nikaenda kilomita 212, nikajaza tena, zikaingia lita 4.6. Ni kama kilomita 46 kwa lita. Kwa safari zangu, tangi moja linanichukua zaidi ya wiki mbili. Bei ya petroli yenyewe hubadilika kila mwezi EWURA wanapotangaza Jumatano ya kwanza, kwa hiyo sitawaandikia shilingi hapa. Nunueni daftari, mwandike wenyewe.

Ubaya upo. Kwanza ni chumvi. Anayekaa Raskazone anajua kwamba bahari inakula chuma hata kikiwa ndani ya nyumba. Mwezi wa kwanza tu niliona kutu kwenye parafujo za vioo. Sasa kila Jumamosi naiosha kwa maji baridi, naikausha, napaka oili kidogo kwenye vyuma vilivyo wazi. Pili ni mafundi. Mafundi wetu wa mitaani ni hodari sana wa pikipiki za bodaboda, lakini nilipopeleka hii kwa mmoja kubadilisha oili ya kilomita 500 za mwanzo, aliinama, akaizunguka, akainuka akaniuliza, "Mama, cheni yake iko wapi?" Haina cheni. Ina mkanda wa mpira ndani ya kasha, na mkanda huo ukikatika hutaupata kila duka. Mimi nimeagiza mmoja wa akiba, nimeuweka kabatini pamoja na vyeti vya watoto.

Na tatu ni hili ambalo sikutaka kuliandika.

Ilikuwa wiki ya tatu, mvua za vuli zimeanza. Nilifika kwenye reli bado giza, taa imewashwa, mwendo mdogo kabisa. Kwa baiskeli nimevuka reli ile maelfu ya mara, hata upande upande, bila kufikiri. Gurudumu dogo juu ya chuma kilicholowa ni jambo jingine. La mbele liliteleza, nikaona mbingu, nikajikuta nimekaa chini, skuta imelala ubavuni inanguruma, na vitumbua vimetapakaa kwenye kokoto. Kofia ngumu iligonga chini, nikasikia mlio wake ndani ya masikio. Goti lilichubuka na kiwiko pia. Mzee mmoja mwenye baiskeli aliteremka, akainyanyua skuta pamoja nami, akaniambia, "Reli ikate katikati, mwanangu, usiibembeleze." Tangu siku hiyo navuka reli kama msalaba, wima kabisa, bila kubana breki.

Wako akina mama wanaoning'inizia kofia ngumu kwenye mkono wa pikipiki, wanaivaa wanapomwona askari. Nami nilikuwa na mawazo kama hayo siku za mwanzo, maana inaharibu nywele na kilemba. Mwaka 2008 madaktari waliokusanya tafiti nyingi pamoja walieleza kwamba kofia hii inapunguza kifo kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini mimi sikuhitaji asilimia. Yangu ina mkwaruzo ulio juu ya sikio la kushoto, na kila ninapoivaa naugusa kwa kidole.

Nilirudi nyumbani nikajifunga goti. Mume wangu aliponiuliza nilisema nimejikwaa jikoni.

Sikuona kama ni uongo mkubwa. Nilijiambia namwonea huruma, nisimwongezee hofu. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa atasema, "Nilikuambia," na skuta itauzwa, nami nitarudi kuwa mtu ambaye asubuhi hayupo. Kwa maana nilikuwa nimeshaonja. Siku hizo nilikuwa natoka saa kumi na moja kasoro robo, na saa kumi na mbili na robo nimesharudi. Nilikuwa nawamiminia watoto uji. Nilikuwa nimegundua kwamba kitinda mimba huvaa soksi ya kushoto kwanza, na kwamba akichelewa huimba kwa sauti ili asisikie anavyoharakishwa. Mambo madogo tu, lakini yalikuwa yakitokea nyumbani kwangu kila siku bila mimi.

Siku tatu zilipita. Jumamosi yule mtoto akawa ananisaidia kuosha, akapaza sauti, "Baba! Pikipiki ya mama imechubuka goti kama mama!"

Mume wangu alikuja. Akatazama ubavu wa skuta, akatazama kofia, akanitazama mimi. Hakupaza sauti. Alisema, "Mdogo wangu naye mara ya kwanza alisema amejikwaa." Akaingia ndani.

Kwa miaka yote sikuwa najua kwamba kulikuwa na mara ya kwanza.

Usiku ule tulizungumza mpaka mafuta ya kukaangia yakapoa, na kesho yake wateja walipata chapati tupu. Alinieleza mambo ambayo hakuwahi kumweleza mtu: jinsi mdogo wake alivyokuja nyumbani na kidonda, na yeye akaona uongo ule akaunyamazia, kwa sababu kijana alikuwa na furaha ya kupata kazi. Mimi nami nilimwonyesha ule mchoro wa familia, ambao nilikuwa nimeuficha ndani ya daftari la madeni. Alikaa nao muda mrefu chini ya taa. Nilimwomba radhi. Naye hakuniambia niuze.

Tulikubaliana mambo machache. Mvua ikinyesha sana nachelewa, na wateja wakikasirika wakasirike. Watoto hawapandi wawili kwa pamoja, hakuna mshikaki nyumbani kwetu hata kwa kwenda kanisani. Nikianguka nasema siku hiyo hiyo. Na nikifika Ngamiani nambipu, nikianza kurudi nambipu tena. Hapokei, wala simu haitozi kitu. Inalia mara moja tu pale kitandani, anajua.

Wiki moja baadaye niliamka saa kumi kupasha vitumbua, nikamkosa kitandani. Nilimkuta uani amechuchumaa na tochi, anabonyeza matairi kwa dole gumba, moja baada ya jingine. Aliponiona alizima tochi akasema anatafuta paka. Sasa anatafuta paka karibu kila alfajiri. Bado hajaipanda, na wala sijamwomba.

Kisha Krismasi ikakaribia, na mama mkwe akatuletea habari kwamba anakuja kutoka Muheza.

Hapo nilishindwa usingizi. Mimi ni mke wa ndugu wa marehemu. Yeye ndiye mama yake. Nilimwambia mume wangu amweleze mapema kwa simu, akamweleza. Bibi alijibu neno moja tu: "Mfunike." Basi siku alipofika na mafenesi yake mawili na mkungu wa ndizi, skuta ilikuwa imefunikwa turubai, imefungwa kamba, nyuma ya tangi la maji. Alipita bila kugeuza shingo. Nami nilirudi kwenye baiskeli. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo watoto hawakunikosa sana, lakini magoti yangu yalinikumbuka. Nilikuwa narudi saa moja na nusu, bibi ameketi kibarazani na kikombe chake cha chai ya mkandaa, ananitazama ninavyoteremka na kushika kiuno.

Siku ya sita akaniuliza, "Kile chombo kingine kilikuwa kikikurudisha saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na robo, mama."

Hakuongeza neno. Akaendelea na chai.

Siku ya tisa, siku ya kuondoka, nilitoka jikoni nikamkuta nyuma ya tangi. Alikuwa amefungua kamba mwenyewe na kukunja turubai nusu. Alisimama hapo, mikono nyuma. Nilitaka kurudi ndani, lakini alikuwa ameshanisikia.

"Hii ina breki?"

"Ina mbili, mama. Ya mbele na ya nyuma."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akaweka mkono wake juu ya breki ya kushoto, akaibana, akaiachia, akaibana tena. Mkono wa bibi aliyelima maisha yake yote una nguvu, lakini akasema, "Ngumu kidogo." Nikamweleza kwamba inalegezwa na parafujo. Akaniuliza kofia iko wapi. Nilipoileta aliigeuza geuza, akaona mkwaruzo, akaupitisha kidole kama ninavyofanya mimi. Sikujua niseme nini. Nikasema ukweli, "Nilianguka kwenye reli, mama, mwezi wa kumi."

Alinirudishia kofia. "Mume wako ameniambia unambipu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nibipu na mimi."

Bajaji ilikuja, tukapakia kikapu chake, mume wangu akamsindikiza mpaka Kange kwenye basi. Tangu siku hiyo nabipu mara mbili nikifika, Raskazone na Muheza, na mara mbili nikigeuza. Skuta imekwisha kwenda kilomita 1,140. Masika bado sijaiona nayo, na wenye uzoefu wananiambia hapo ndipo nitakapoijua.

Jana mteja mmoja alinichelewesha na hesabu za deni, nikasahau kubipu wakati wa kurudi. Nilikuwa ndiyo kwanza navua kofia pale uani, mtoto amenishika sketi anadai uji, simu ikalia. Ilikuwa ya Muheza, na safari hii haikukatika.

"Uko wapi?" akauliza.